Thomasin Alivyopona Hofu

Mwaka ule Bunge lilipomkata kichwa mfalme wetu, hapa kwetu Berkshire kila mwenye mdomo aligeuka mhubiri. Ndipo jirani yangu Thomasin Yelland, mke wa Gilbert mfumaji, alipopona hofu.

Alikuwa na hofu ya ajabu ya dhambi na jehanamu. Akicheka Jumapili, Jumatatu analia. Siagi ikiganda vizuri, anatubu dhambi ya kujivuna. Gilbert maskini aliingia nyumbani mwake mwenyewe kwa kunyata, kama anayeingia matangani.

Siku moja mhubiri mpita njia, peku, akasimama sokoni akasema: aliyemwamini Kristo ametoka chini ya sheria, hana tena wa kumhukumu. Thomasin akatua kapu lake, akacheka mpaka machozi. Tangu hapo akawa anaimba akikama ng'ombe.

Wengine walisikia walichotaka kusikia. Jasper, mdogo wake Gilbert, alimbeba bata bukini wa mjane Agnes akamleta kwa Thomasin.

"Shemeji, mchome tumle! Sisi wateule hatuna dhambi."

"Kweli kabisa. Basi na mimi nikikutandika kwa ufagio huu sina dhambi."

"Lakini si tuko huru?"

"Huru, ndiyo! Na uhuru wote huo umekufikisha wapi? Bandani kwa mjane! Mrudishe, kabla hujajua nguvu zangu."

Akamrudisha, bata akimdonoa njia nzima, nasi tukimshangilia bata.

Maneno yakamfikia hakimu yametiwa chumvi, eti Thomasin anafundisha kwamba hakuna dhambi tena. Thomasin akaitwa, na kijiji kizima kikamfuata.

"Mwanamke, unafundisha kwamba uzinzi si dhambi?"

"La, bwana. Zamani nilikaa na Gilbert kwa kuogopa moto. Siku hizi nakaa naye kwa kumpenda. Muulize mwenyewe kama ameona tofauti."

Gilbert, ambaye hata kanisani huitikia kwa kunong'ona, akasimama, uso mwekundu kama kaa la moto.

"Bwana hakimu, nakusihi, usimrudishe alivyokuwa!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akajiuma mdomo asicheke.

"Nenda nyumbani, mama. Na usihubiri."

"Sihubiri, bwana. Naimba tu."

Wakarudi kwa njia ndefu ya malishoni, wameshikana mikono mbele za watu bila haya. Thomasin akaanzisha wimbo. Gilbert akajaribu kuitikia, kwa sauti mbaya mno, hata mbwa wote wa njiani wakamjibu.