Karatasi ya Shangazi

Alhamisi iliyopita, mvua ikinyesha kama kawaida yetu, nililetewa habari kwamba yule muuza viazi wa Isongole amefariki. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Wasomaji wangu wa Tukuyu mnamkumbuka: mwanamke aliyekaa juu ya magunia pale kwenye soko letu la Msasani, akiwatania wanunuzi mpaka wanasahau kuomba wapunguziwe bei. Safu hii haitaji majina, nami sitalitaja lake. Lakini siwezi kuandika habari zake bila kujiandika na mimi.

Mnanijua. Mtoto wa mchuma chai, nilikwenda Dar es Salaam na begi moja, nikarudi na stashahada ya maabara. Serikali iliporuhusu watu binafsi kutoa huduma za afya, nilifungua maabara yangu Bulyaga wakati wengine bado wanaulizana kama inawezekana. Hadubini yangu ni ya umeme. Watu huniita dokta. Mimi si daktari, lakini sijawahi kumsahihisha mtu.

Alikuja kwangu akitoka hospitali kubwa. Walikuwa wamekata kipande kidogo cha nyama katika ziwa lake la kushoto, wakakipima, wakakuta saratani. Kipimo kimoja zaidi kilipelekwa Dar es Salaam, na daktari alitaka aanze dawa kali za dripu bila kukisubiri.

"Dada dokta," akaniambia, "wanataka kunitundikia dripu inayong'oa nywele. Nani atanunua viazi kwa kipara?"

"Watadhani umenyoa."

Akacheka, kisha akaweka mezani karatasi ya majibu ya shangazi yake. Huyo mama wa miaka sitini na kitu aliugua ugonjwa huohuo, akapasuliwa, akapewa kidonge kimoja kila siku, na huu ni mwaka wa nne bado anashika jembe. Karatasi ilisema uvimbe wake ulikuwa na vipokezi vya homoni. Nikamweleza kwa mbwembwe: uvimbe wa namna hiyo unalishwa na homoni za kike, na kidonge kinaufungia mlango wa chakula.

"Na wangu?"

"Majibu yako bado. Lakini damu ni moja. Ugonjwa mmoja, dawa moja."

Kwetu chungu cha shangazi ni chungu cha mtoto wa kaka yake. Yule mama akagawa vidonge vyake: leo anameza yeye, kesho anameza binti. Dripu ikasubiri. Nami, stashahada ikiwa ukutani, nikawasifu kwa busara.

Kila siku ya soko alipita kwangu, tukafunga mlango, akanitajia ukubwa wa uvimbe kwa lugha ya biashara yake. Mwanzo alisema ni kiazi cha mbegu. Wiki ya tano akasema, "Leo umefika kiazi cha chipsi, dada." Yeye bado alicheka, mimi nilikuwa nimeacha. Nikamwambia dawa inataka muda. Simu ilikuwa mezani. Ningeweza kumpigia daktari wake nimuulize, lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba sijui.

Majibu yalifika wiki ya saba. Uvimbe wake haukuwa na vipokezi hata kidogo. Kidonge hakikuwa na mlango wa kufunga. Alielewa kabla sijamaliza kusoma.

"Kwa hiyo nimejenga uzio kuzuia ng'ombe, kumbe viazi vinaliwa na fuko."

Kesho yake alikwenda kwenye dripu. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni.

Daktari ameniambia huenda ungemshinda hata kama angeanza mapema. Huenda. Neno hilo ndilo ninaloamka nalo. Ameniambia pia nilichopaswa kuuliza: uvimbe usio na vipokezi huonekana zaidi kwa wanawake vijana kuliko kwa wazee. Si wote, lakini inatosha mtu asisome ziwa la miaka thelathini katika karatasi ya miaka sitini.

Soko huria limetuletea maduka ya dawa kila kona, na maabara, yangu ikiwa mbele. Sijutii; nilijenga kwa mikono yangu na nitaendelea kujenga. Ila tumejifunza kufungua milango ya biashara upesi kuliko kufungua midomo tukauliza. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilificha ujinga, akafa mwingine.

Msibani nilimpa shangazi pole. "Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanishika mkono asiuachie.

"Ile karatasi ilikuwa na jina la nani?"

"Lako, shangazi."

"Basi kwa nini ulimsomea yeye?"

Juzi binti mmoja mwenye uvimbe katika ziwa aliingia maabara, akanipa karatasi ya mama yake, akaniomba nimwambie yeye mwenyewe anywe dawa gani. Nikaikunja bila kuisoma, nikamrudishia.

"Hii ni ya mama," nikamwambia. "Twende kwa daktari, tukaitafute yako."