Kinanda Kilichopona

Ukitaka kumuudhi Nathanaeli, mpigie muziki uliosafishwa kwa kompyuta. Atakunja uso kama mtu aliyepewa mlenda usio na chumvi, kisha atakukalisha chini na kukueleza ulipokosea, wewe na aliyekuuzia redio.

Nathanaeli ni mpiga kinanda wa Mkonze, pembezoni mwa mji wa Dodoma. Ijumaa na Jumamosi hupiga katika hoteli moja njia ya Msalato, Jumapili yuko kanisani, na siku za katikati huenda popote anapoitwa, hata kwa wasanii wa kizazi kipya, ambao huwasema vibaya tangu anapofika mpaka anapoondoka. Mvi zimeanza kumwingia, lakini maoni yake hayajapungua hata moja.

Rekodi nzuri za jazi, husema, ni zile za zamani, wakati bendi nzima ilifungiwa chumba kimoja na kipaza sauti kimoja, na mpiga ngoma akikohoa unamsikia. Anayo moja katika simu yake anayoipenda kuliko zote. Katikati yake mpiga tarumbeta anashika noti moja na kuilegeza kidogo, haiwi ya juu wala haiwi ya chini, na Nathanaeli akifika hapo hufumba macho. Ukimuuliza kuna nini, hujibu, "Hapo ndipo panapouma." Hana maelezo zaidi ya hayo, na huyu si mtu wa kukosa maelezo.

Vinanda navyo amevigawa mafungu mawili: vinavyopumua na vinavyochomekwa ukutani. Cha kupumua unakikanyaga kwa miguu, kinavuta upepo, na ukichoka, nacho kinachoka. Cha umeme hakichoki, na kitu kisichochoka, kwa maoni yake, hakiwezi kumsaidia mtu kusali.

Kuhusu mbwembwe za jukwaani, ana methali moja tu: debe tupu haliachi kuvuma. "Shati likivuliwa," huuliza, "sauti inaongezeka nini?" Lakini ukienda kwenye tamasha lolote pale mjini utamkuta nyuma ya jukwaa, kajibanza penye nyaya, anachungulia. Anataka kujua wanafanyaje mpaka umati mzima uruke kwa pamoja. Jambo hilo limemsumbua miaka, na kwa kuwa anawadharau, hajawahi kuwauliza.

Basi kinanda cha kanisa la Mkonze ni cha kupumua. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya shaba vinavyoitwa ndimi, kila kibao cha kubonyeza na ulimi wake. Mpigaji akikanyaga, upepo unapita, ulimi unatetemeka, noti inalia. Wamisionari walikileta kabla Nathanaeli hajazaliwa, na aliyekipiga mpaka uzeeni ni marehemu Mwalimu Mazengo, mwalimu wa kwaya. Tangu enzi hizo kilikuwa na kibao kimoja kibovu, cheupe, katikati kabisa, kinacholia chini kidogo ya kinavyotakiwa. Mkonze nzima ilikijua. Nathanaeli alipokuwa mdogo alikuwa akikaa benchi la mbele, akiona jinsi mwalimu alivyokiruka kibao hicho katika nyimbo za kitabuni. Lakini katika nyimbo za akina mama, zile walizotunga wenyewe kwa Kigogo, mzee alikibonyeza bila wasiwasi. Mtoto akaamua kwamba mwalimu hukikwepa anapokumbuka na hukigonga anaposahau, na akaishi na jibu hilo mpaka ukubwani.

Mwalimu alipofariki, panya walitoboa mfuko wa upepo, kinanda kikafunikwa shuka, kwaya ikabaki kuimba bila kinanda. Mwaka huu kanisa lilipokaribia jubilei yake, wazee walimwomba Nathanaeli akifufue. Alifurahi mno. Mfuko akautia kiraka cha ngozi ya mbuzi, vumbi akalipuliza, kisha akauchomoa ulimi wa kile kibao kibovu na kuuelekeza kwenye mwanga. Karibu na shina lake, pale uliposhikizwa, kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo. Akasema ni panya. Halafu akaona haya kidogo, maana panya hawali shaba, akasema basi ni fundi wa kubahatisha.

Ukikwangua ulimi wa kinanda kwenye ncha, noti inapanda. Ukikwangua shinani, inashuka. Nathanaeli alikwangua ncha, akirudisha, akikanyaga, akitazama programu ya simu yenye mshale unaopima noti, mpaka mshale ukasimama wima. Jumapili iliyofuata akatangaza mbele ya waumini, "Kinanda kimepona." Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yake mzazi, Mama Ruthu, alipiga kuliko wote.

Huyu Mama Ruthu, na Ruthu ni jina lake mwenyewe, ndiye sauti ya kwaya ile. Ana zaidi ya miaka sabini, mwembamba, na yeye ndiye huanzisha. Wakauanza wimbo wao wa kushukuru mvua, ule waliopanga kuuimba siku ya jubilei. Walipofika mahali ambapo sauti inashuka na kutulia, Mama Ruthu akakatika ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Wengine wakaendelea kwa kuyumba. Kwenye mazoezi ikawa hivyo hivyo. Kinanda kilikwenda huku, akina mama kule, na kila mara ni mahali pale pale.

"Akina mama, mnashuka," Nathanaeli akasema. "Kinanda kiko sawa sasa. Kifuateni."

Wakajaribu tena. Wakashuka tena.

"Mama, ni wewe unayewavuta chini," akasema, mbele ya wote.

Mama Ruthu akamtazama kidogo. "Haya, baba," akajibu, kwa lile jina ambalo kina mama huwaita watoto wao wa kiume.

Mazoezi yaliyofuata hakuja. Alisema koo limekauka. Nathanaeli akampelekea tangawizi na asali, akampeleka zahanati, wakamwangalia na kumwambia koo ni zima. Lakini kwaya hakurudi, na jubilei ilikuwa inakaribia. Lililomuuma Nathanaeli zaidi lilikuwa nyumbani. Mama yake alikuwa mtu wa kuimba akichekecha unga wa uwele, akisonga ugali, akiwafukuza kuku wa jirani. Sasa alichekecha kimya. Mtu aliyekulia ndani ya sauti ile huwa haisikii, mpaka siku inapokosekana, na Nathanaeli sasa alikuwa akisikia kukosekana kwake kutwa nzima. Alitamani agombezwe, lakini mama yake wala hakununa. Alimpakulia chakula kama kawaida na kumuuliza habari za kazi.

Katika siku hizo aliitwa studio mjini. Marko, mwenye studio, alikuwa anarekodi wimbo wa Erica, binti wa Kongwa ambaye jukwaani hurukaruka na sketi ya shanga mpaka mtu unahofia shingo yake. Nathanaeli aliingia na hotuba yake tayari mdomoni. Ila Erica alipoimba kiitikio, alichokipata kwa bibi yake, Nathanaeli aliacha kuchomeka nyaya.

"Sauti tamu," Marko akasema, "ila kuna mahali inalegea. Ngoja niinyooshe." Kwenye kioo cha kompyuta sauti ya Erica ilichorwa kama njia ya mbuzi mlimani, na kila noti ilikuwa na mstari wake ulionyooka. Marko akabonyeza, na pale njia ilipokuwa chini ya mstari ikapandishwa. Akaipiga.

"Umeiua," Nathanaeli akasema.

"Anko, nimeirekebisha."

"Rudisha ile mbichi. Nipigie hapo tu."

Marko akarudisha. Nathanaeli akafumba macho bila kujijua, na alipogundua kwamba amefumba macho, akashtuka. Alikuwa anapajua hapo. Ndipo mahali pa mpiga tarumbeta wake. Aliomba arudiwe, kisha akarudiwa tena, mpaka Marko akaanza kutazama saa.

"Erica, kwa nini unalegeza hapo?"

"Silegezi, anko. Hapo ndipo ilipo. Bibi anaimba hivyo, na marimba ya babu inalia hivyo hivyo."

"Na jukwaani? Si unapigiwa sauti iliyonyooshwa kama hii, wewe unachezesha mdomo?"

Erica akacheka. "Nikifika mahali kama hapo nazimisha, naimba mwenyewe. Wewe si huwa unatuchungulia pale nyuma? Unadhani watu wanaruka kwa sababu ya sketi?"

Kwa kweli ndivyo Nathanaeli alivyodhani, na miaka yote hiyo alikuwa anatazama sketi. Akaona mbele yake ile mikwaruzo ya shaba, midogo midogo, yote shinani, yote ikielekea upande mmoja. Mtu anayebahatisha hakwangui hivyo. Akamwona na Mwalimu Mazengo, kidole kikiruka katika nyimbo za kitabuni na kutua katika nyimbo za akina mama, Jumapili baada ya Jumapili, bila kusahau hata mara moja. Alimaliza kazi ya Marko vibaya kuliko kawaida yake na kurudi Mkonze.

Mama yake alikuwa uani, anachagua karanga kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umewahi?"

Akakaa chini, akachukua karanga asizozihitaji. "Mama, ule ulimi wa kinanda, ulikwanguliwa na nani?"

"Mwalimu Mazengo," akasema, kana kwamba ameulizwa nani aliyepanda mwarobaini wa pale uani. "Kinanda kilipokuja kilikuwa kinatukataa. Akaniita mimi, nilikuwa msichana, sijaolewa. Ananiambia, imba Ruthu, naimba. Anakwangua, anarudisha, anakanyaga. Imba tena Ruthu. Kutwa nzima, mpaka kikasema kama mimi. Akasema nyimbo za kitabuni atakikwepa, kuruka kibao kimoja hakumsumbui."

Nathanaeli alitamani ardhi ipasuke. Kibao kibovu cha Mkonze, ambacho tangu utoto wake kilimchekesha, kilikuwa sauti ya mama yake, na yeye ameikwangua kwa mkono wake na kuwatangazia waumini.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Mama Ruthu akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Wewe ndiye uliyesoma muziki, mwanangu. Ulisema kinanda kimepona. Nikajua basi mgonjwa ni mimi."

Alisema bila uchungu wowote, na hapo ndipo palipomchoma mwanawe. "Nisamehe, mama," akasema, na sauti yake yenyewe ikalegea. Kisha akamwomba waende kanisani, sasa hivi, na ungo uachwe.

Njiani alimwambia ukweli wote. Shaba iliyokwanguliwa hairudi. Mwalimu alikwangua shina, yeye amekwangua ncha, na sasa ili kuishusha noti lazima akwangue shina tena. Ulimi umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukivunjika, hakuna mwingine, na jubilei ni Jumapili.

"Na ukiuacha ulivyo?" mama yake akauliza.

"Utabaki mzima. Na sawasawa kabisa kwa mshale wa simu."

Mama Ruthu alifunga upya kanga yake na kuongeza mwendo.

Kanisa lilikuwa tupu, mlango wa upande uko wazi, jua la alasiri sakafuni. Nathanaeli aliuchomoa ulimi, akaulaza juu ya kipande cha ubao. Simu yake aliiacha mfukoni. Alikwangua mara moja, kwa pumzi aliyoizuia, akaurudisha, akakaa, akakanyaga.

"Imba, mama."

Sauti ya kwanza ilitoka imekwaruza, maana ilikuwa haijatumika. Akajikohoza, akaanza upya, wimbo wa mvua, mpaka pale panaposhuka. Sauti ya mtu na sauti ya shaba zikakutana na kuanza kutetemeka, kama zinagombana. Nathanaeli akauchomoa ulimi, akakwangua, akaurudisha. Safari hii mtetemo ulikwenda taratibu zaidi, dalili kwamba zinakaribiana. Akakwangua tena. Akapangusa jasho la mkono kwenye suruali. Ilibaki kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine angesema inatosha, na kwa ulimi mwembamba vile labda ingekuwa busara aishie hapo. Akapiga moyo konde, akakwangua mara ya mwisho, akaurudisha.

"Imba, mama."

Mama Ruthu akaimba, akashuka, akatulia pale. Mtetemo haukuwepo. Nathanaeli alitega sikio atenganishe ipi ni shaba na ipi ni mama yake, akashindwa. Akainua kidole na kuacha kukanyaga, maana kazi ilikuwa imekwisha, akageuka amwambie.

Lakini Mama Ruthu alikuwa amefumba macho na hakusimama. Alishaingia ubeti wa pili, peke yake, na ikambidi mwanawe ageuke haraka na kukanyaga ili amfikie.