Gari Lililoacha Kula Oili

Mume wangu alilinunua lile gari kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao baada ya mkataba kwisha. Lilikuwa la Kijapani, dogo, zuri, na injini yake haikuwa na pistoni. Ndani mlikuwa na kipande cha pembetatu kilichozunguka. Temeke nzima hatukuwahi kuona jingine la namna ile. Mimi nilitaka gari la kawaida, lenye ndugu zake barabarani. Sikusikilizwa, na nilinyamaza kwa sababu ya mama yangu. Alikuwa amepata kiharusi, tunakaa naye, na kila Jumatano alitakiwa hospitali kunyooshwa mguu. Mabasi ya abiria hakuweza kuyapanda. Muuguzi alinionya mapema kwamba mguu ukikosa mazoezi utakakamaa, na ukishakakamaa ndiyo basi.

Ubaya wa gari lile ulikuwa kula oili. Kila Jumamosi mume wangu alichomoa kijiti cha kupimia, akaguna, akaanza kuzunguka mji kutafuta kopo. Oili siku zile ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliipangia foleni. Kila aliyejidai kujua magari alimwambia lile lile: gari inayokula oili imekwisha, uza.

Halafu likaacha. Jumamosi moja kijiti kilisoma palepale, na Jumamosi iliyofuata palepale. Sijapata kumwona mwanamume akifurahi vile. Siku ya harusi yetu hakufikia nusu yake. Aliwaita majirani waje wajionee. Wakaja, wakapokezana kijiti, wakampa hongera. Fundi wetu wa Keko, mwenye gereji katikati ya maseremala, naye alikiangalia akatikisa kichwa.

"Shemeji, gari imepona," akaniambia. "Mshukuruni Mungu."

Tukamshukuru. Nikawapikia chai yenye sukari.

Haukupita muda likaanza kuchoka. Mlima mdogo tu linahema. Jumatano moja lilizimika njiani, na kwa kuwa lilikuwa la moto, halikukubali kuwaka tena. Tulikaa juani, mama akiwa kiti cha nyuma, mpaka lilipopoa. Tulipofika hospitali chumba cha mazoezi kilikuwa kimefungwa.

Fundi akaja nyumbani. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akafuata njia ya petroli toka tangi, asione kosa. Ndipo alipoikazia macho pampu ndogo ubavuni mwa injini, yenye vijibomba vyembamba vinavyokwenda kwenye kabureta. Alifungua kimoja, akaniambia nipige stata. Injini ilipowaka akaweka kidole mdomoni mwa kijibomba, akangoja. Kidole kilibaki kikavu.

"Hii gari inakulaga oili makusudi," alisema bila kunitazama. "Pampu hii ndiyo inailisha. Imekufa. Kule ndani inajisaga yenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoacha kula."

Yaani tangu siku ya chai. Nilitamani kumpiga na spana, lakini ningempiga yeye nimwache nani? Wote tulishangilia.

Pampu ya kubadilisha haikuwepo mjini. Fundi akashauri tuchanganye oili na petroli kwenye tangi, kama pikipiki. Mume wangu aliomba oili kwa majirani walewale waliompongeza, tukachanganya. Gari likatoa moshi, likatembea mpaka kona na kurudi. Nililala na matumaini.

Jumatano nilimvisha mama gauni na viatu, nikamkalisha kibarazani. Mume wangu akapiga stata. Ikazunguka, haikushika. Akarudia, akarudia. Fundi akaitwa, akafunua boneti, akatazama, akafunika. Mume wangu akaenda barabara kuu kutafuta teksi, akarudi peke yake. Petroli ilikuwa haba na teksi chache zilizopita zilikuwa na watu. Akaingia garini, akapiga stata tena. Hasira zangu zote ziliniisha, nikabaki nimesimama, mikono inaning'inia.

"Mwambie aache," mama alisema, kwa ule ulimi wake mzito. "Atamaliza betri."

Nikapiga magoti nimvue viatu. Mguu wa kulia aliuinua mwenyewe. Wa kushoto niliuinua mimi. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiatu, na nilipovikanda havikukunjuka.