Ndagala ndani ya fundo la kikwembe

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Furaha akifunga sakoshi, begi lake la safari. Darasa lao lilikuwa linaenda kutembelea parki ya wanyama.

"Koko, eti batatukataza marashi na chakula," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Niliukumbuka mchana ule mama aliponitayarisha kwenda naye porini, kule mlimani, kuchuma uyoga. Aliniosha kwa maji matupu, bila sabuni. Alinivua kikwembe changu chekundu, akanifunga kingine kikuukuu kinachonuka moshi. Halafu akatoa ndagala zangu, vile visamaki vya kukaanga, kwenye kikapu.

"Kule tunaingia kwa benyewe. Usibebe kitu inanuka."

Mi nilifikiri wenyewe hao ni matajiri, na mama anataka tuonekane maskini watuhurumie. Nikaficha ndagala tatu katika fundo la kikwembe.

Nyani walizinusa kabla hatujaona uyoga hata mmoja. Dume moja lilinirukia kiunoni. Mama aliingia katikati, likamng'ata mkono wa kuume mpaka mfupani. Hakunipiga. Alisema tu, "Turudi, mama."

Mkono ule haukushika tena mchi. Tangu hapo sombe ya nyumba yetu, yale majani ya muhogo, nilitwanga mimi, na mabega yangu yamechoka mpaka leo.

"Fungua sakoshi," nilimwambia Furaha.

"Koko, hamuna kitu!"

"Fungua, we mutoto."

Chini kabisa, ndani ya soksi, kulikuwa na pakiti ya biskuti. Nilikaa kitandani pake nikazila zote mbele yake, hata moja sikumwachia.