Sale la Kupeleka Pangani

Sumari aliacha udereva mwaka 2003, na mpaka leo pale kwao Maji ya Chai watu wote wanajua kwamba alisumbuliwa na mgongo. Mgongo gani jamani! Mtu anayebeba mkungu wa ndizi begani kutoka bondeni hadi barabarani bila kupumzika, ana mgongo gani mbovu? Lakini watu wakishazoea uongo hawaukagui tena. Wakamwachia mgongo wake, wakamchagua kuwa mzee wa kanisa, naye akabaki na kahawa yake, migomba yake na ng'ombe wawili wa ndani, mtu mpole asiyependa safari.

Basi mwaka huu usharikani kukaja semina ya ndoa. Mwalimu wa semina akawaambia watoke wawili wawili, hata kwa siku mbili tu, waende mbali na ng'ombe na wajukuu. Wanaume wakacheka. Elinipa, mke wa Sumari, hakucheka hata kidogo. Ana miaka ishirini na nane ya ndoa, na mbali kabisa alikowahi kufika na mume wake ni Moshi, tena msibani.

Akampigia simu binti yao. Blessing anafanya kazi katika ofisi ya utalii mjini Arusha, na kazi yake ni hiyohiyo ya kuwapangia watu safari, leo Momela, kesho kwingine. Jumapili akaja nyumbani, akajibana katikati ya wazazi wake kwenye kochi, simu mkononi.

"Baba, nimeshawapatia. Mnaondoka Ijumaa, mnarudi Jumapili. Pangani."

Chai ikampalia Sumari. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, mkewe akawa anampiga mgongoni.

"Pole baba. Ni mji wa kale, umetulia kweli. Kuna boma la Mjerumani, kuna majumba ya Waarabu yenye milango ya nakshi, na mto unaingia baharini hapohapo. Nyumba ya wageni niliyowawekea iko jirani na kivuko."

"Kwa nini isiwe Bagamoyo?"

"Bagamoyo ni mbali, baba. Halafu Pangani si ndiko ulikokuwa unapeleka viazi? Utamtembeza mama."

"Atanitembeza!" Elinipa akapiga makofi. "Miaka yote nahadithiwa nazi za Pangani, hata mnazi wenyewe sijauona."

Blessing akafungua picha nyingine. "Na huyu bibi kila aliyelala pale anamsifu. Asubuhi mnakula vitumbua vyake vya motomoto."

Sumari akatazama. Nywele zilikuwa nyeupe zote, lakini alikuwa ni yeye, kwenye jiko lilelile pembeni ya kivuko, anacheka na mtu asiyeonekana. Akamrudishia binti yake simu na kutoka nje, eti akawatazame ng'ombe. Huko bandani alishika nguzo kwa mikono miwili.

Alichokuwa hajawahi kumhadithia mtu yeyote ni hiki. Mwezi wa nne mwaka 2003, jioni ya mvua, alikuwa anatoka Pangani na fuso imejaa nazi. Nje kidogo ya mji kijana wa baiskeli akakatisha barabara. Sumari alisikia kishindo. Kwenye kioo cha pembeni akaona baiskeli imelala, kijana amelala, na watu wanatoka majumbani wanakimbilia barabarani. Alishawahi kuona kwa macho yake dereva akichomwa moto na wananchi wenye hasira. Akakanyaga mafuta. Hakusimama kituo cha polisi, hakusimama popote, mpaka Segera.

Wiki mbili baadaye, sokoni Tengeru, dereva mwenzake akamwambia kama habari tu za njiani kwamba kule Pangani fuso imeua mtoto wa Bi Mwanakombo, yule mama wa vitumbua wa pale kivukoni, na gari halijajulikana. Sumari alikuwa akila vitumbua vya mama huyo kila safari. Akasema, "Masikini." Siku hiyohiyo mgongo ukaanza kuuma.

Sasa wiki nzima hakulala wala hakula sawasawa. Pikipiki ikisimama getini, anaona askari wamekuja. Alijaribu kila mlango wa kutokea. Akasema ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa. Elinipa akasema shemeji yake Godwin atakuja kulala hapo na kukamua. Akasema mgongo hautaweza kukaa kwenye basi siku nzima. Elinipa akachomoa mkobani chupa mbili za dawa ya kuchua. Kumbe alishajiandaa, mwanamke huyu! Jumatano akapiga moyo konde kwamba anakwenda kukataa waziwazi, iwe ugomvi na iwe. Akamkuta mkewe mbele ya kioo na gauni jipya la bluu alilolishonesha Tengeru, anageuka huku, anageuka kule.

"Baba Blessing, nimependeza?"

"Umependeza," akasema, akatoka tena nje.

Alhamisi mchana akachukua panga, akashuka mpakani mwa shamba, pale babu yake alipopanda masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Kwa Wameru, aliyekukosea akikuletea jani la sale limefungwa fundo, ameshasema yote, na wewe huna ruhusa ya kumfukuza. Sumari alimwona baba yake akipatana hivyo na jirani waliyetaka kukatana mapanga, na hakuna aliyesema maneno kumi. Akafikiri, nitalinyoosha mbele ya yule mama, nitainamisha kichwa, jani litasema. Likitokea la kutokea, na litokee. Akakata jani moja zuri, akalifunga fundo, akalizungushia gazeti na kulichomeka ndani ya begi la safari, chini ya mashati.

Alisahau jambo moja tu, kwamba mwenye kupanga mizigo katika nyumba ile si yeye.

"Hili ni la nani?" Elinipa aliuliza saa kumi jioni. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, gazeti miguuni, jani mkononi, na sauti yake haikuwa na furaha ya wiki nzima.

Sumari akakaa kitandani.

"Kuna mtu umemkosea Pangani. Niambie kabla sijapanda basi la watu. Kuna mwanamke?"

"Hakuna mwanamke."

"Kuna mtoto?"

"Kuna mtoto," Sumari akasema. "Mtoto wa mtu. Nilimgonga na fuso, akafa, nikakimbia."

Akamweleza yote, macho sakafuni: mvua, kioo, Segera, yule bibi wa kwenye simu. Alipomaliza, Elinipa alikuwa amesogea mpaka ukutani.

"Na mikono hiyohiyo unakusanyia sadaka kanisani kila Jumapili."

"Ndiyo."

"Watakufunga."

"Najua."

"Au watu watakuua hapohapo, na mimi nikiwa natazama. Umefikiri hilo?"

"Nimelifikiri wiki nzima. Naogopa, Mama Blessing. Naogopa sana."

Elinipa akalitazama lile jani, akaligeuza, na hasira zikampanda upya. "Na hili ulifikiri litakusaidia nini? Wale ni watu wa pwani, mume wangu. Kwao hili ni jani tu. Utamnyooshea, atalitazama, atakuuliza unataka vitumbua vingapi."

Hapo hofu ikamshika Sumari kuliko siku zote. Polisi alishawaogopa, wananchi alishawaogopa, hata kufa alishakuogopa. Kufungua mdomo hakuwa amekufikiria kabisa.

"Utasema kwa mdomo wako," Elinipa akasema. Akavuta kigoda, akakaa, akajitanda kanga kichwani. "Sema sasa hivi. Mimi ndiye yeye."

Sumari akasimama mbele ya mke wake. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Basi, hakikutoka kitu kingine. Akajaribu tena, "Shikamoo mama," akaishia hapohapo. Mara ya tatu alitoa mlio tu.

Elinipa akainuka. Akalitoa gauni la bluu kwenye begi, akalitundika kabatini, na mahali pake akaweka kanga mbili nyeusi, zile za kuvaa msibani. Juu yake akakunja suruali nyeusi ya mumewe. Zipu ya begi ikagoma mara mbili.

"Blessing tusimwambie kwanza," akasema. "Yeye ametupangia starehe. Sisi tunakwenda kuhani msiba, na tumechelewa miaka ishirini na miwili." Akarudi kukaa kwenye kigoda, akajitanda tena. "Haya. Anza upya."

Sumari akaanza. "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha ile fuso."

Elinipa hakujua Bi Mwanakombo angejibu nini. Akabaki kimya chini ya kanga yake, na Sumari akabaki amesimama mbele yake, wanaogopa wote wawili.