Mkono Niliomnyima Mmarekani

Mimi ni mtu wa kinyongo, sifichi. Wapo wanaosamehe wakishalala usingizi; mimi nikiamka nalikuta neno pale pale nilipoliacha.

Mmarekani huyo alikuwa bingwa wa kerling, mchezo wa kuteleza mawe mazito juu ya barafu hadi ndani ya duara. Kwao alikuwa amecheza mashindano makubwa, na alipohamia Stockholm kumfuata mkewe alitaka kushinda huku pia. Mimi nilikuwa nimetoka Tanzania kusomea mitambo ya majokofu, nikapata kazi kwenye ukumbi wao wa barafu. Akaniona nina mikono yenye nguvu, akanitia kwenye timu yake niwe mfagiaji, yule anayekimbia mbele ya jiwe akisugua barafu ili lifike mbali. Nilicheza naye misimu miwili. Nilimpenda, afadhali niseme.

Mchezo ule hauna mtu wa kupuliza filimbi. Ufagio wako ukigusa jiwe linalokwenda, unasema mwenyewe, na jiwe linatolewa. Anayeficha hachezi tena na watu. Katika fainali ya msimu wa pili, jiwe letu la mwisho lilipokaribia duara, yeye nahodha alijitosa kulifagia pamoja nami kwa ufagio wake wa Kimarekani, ule wa majani unaopigwa chini kwa kishindo. Ukaligusa. Nilisikia kabisa, nikangoja aseme. Wapinzani walikuwa wameliona jiwe likiyumba, wakatuuliza. Akaninyooshea kidole.

"Ni huyu," alisema, "na alitaka kunyamaza."

Kunyamaza nilinyamaza kweli. Alikuwa mkubwa wangu, na nilivyolelewa, mkubwa humtangulii kusema mbele za watu. Basi heshima yangu ndiyo ikanipaka matope.

Hakuna timu iliyonitaka tena. Kazi niliendelea nayo: kila Jumamosi nilinyunyiza matone ya maji juu ya barafu ili mawe yateleze na wengine wacheze. Jirani yangu wa mtaa wa Tensta, Mganda aliyeikimbia nchi yake, alinicheka.

"Bwana, mimi nimeacha nchi nzima kule, wewe unalilia jiwe?"

Nikamwambia silii, nasubiri.

Baada ya majira matatu ya baridi, timu ya madereva wa basi wa mtaa wa Vällingby ilipungukiwa na mtu wa nne, wakanichukua bila maswali. Nikawa nafanya mazoezi kila asubuhi kabla ukumbi haujafunguliwa, na kila jiwe nililolisukuma nililisukuma kwenye shingo ya yule Mmarekani. Tulikutana naye nusu fainali.

Jiwe la mwisho lilikuwa lao, na lilikuja vizuri. Akajitosa kulifagia, kama kawaida yake. Mfagiaji wake, Mswidi aliyekijua kisa changu, alipomwona anakuja aliinua ufagio juu na kurudi nyuma hatua tatu. Mmarekani akabaki peke yake na jiwe, akaligusa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya duara, nikamtazama bila kupepesa macho. Hakuwa na wa kumnyooshea kidole. Akalisogeza jiwe pembeni kwa mguu, tukashinda.

Desturi ni kwamba mechi haijaisha mpaka watu wameshikana mikono. Akanipa wake.

"Haya, sasa tuko sawa," alisema.

"Bado. Waambie na lile la kwanza."

Mkono wangu haukutoka mfukoni. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama, na yeye alizidi kuwa mwekundu. Hatimaye akasema, kwa Kiswidi chake kibovu, kwamba katika fainali ile ufagio uliogusa jiwe ulikuwa wake. Kila mtu alimwelewa. Kisha akanyoosha mkono tena, nami nikamgeuzia mgongo. Roho yangu ilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

"Så gör man inte," nahodha wetu aliniambia nje, yaani mtu hafanyi hivyo. Fainali walicheza na mtu mwingine mahali pangu.

Barafu ya fainali hiyo niliiandaa mimi. Watu walipoingia walinisalimia kwa jina langu, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wakinipita bila salamu. Mmarekani hakuja.