Kisa cha Nyanya cha Foleni ya Chai

Juzi mjini Nyeri nilimwona mtaalamu wa usemi akimpa mgonjwa majani mabichi ya chai ayanuse, ili maneno yamrudie. Harufu ile ikanirudisha Kangema, alasiri moja ya utotoni nyumbani kwa babu.

Babu alikuwa ameanguka na kuumia ubongo, akabaki bila maneno. Nyanya alimwekea kapu la majani ya chai mapajani, akaanza kumsimulia walivyokutana ujanani, kwenye foleni ya kupima chai.

"Wewe ulinipita kwenye foleni, mzee. Ukanisukuma na kapu lako."

Nilishtuka. Sote tulijua kuwa nyanya ndiye aliyemsukuma babu. Nikawaza: sasa naye amesahau, kesho atanisahau mimi.

"Cucu, si ni wewe?" nikamuuliza nyanya.

"Nyamaza! Mwenyewe yuko hapa, aseme."

Akarudia uongo wake polepole, akimkazia babu macho. Babu alifinya majani mpaka vidole vikawa vya kijani. Midomo ilimtetemeka. Nyanya hakumsaidia, ingawa leo najua ilimuuma. Akaongeza kwamba babu hata hakuomba msamaha.

"We... wewe!" babu akafoka. "Wewe ndio... ulisukuma!"

Nyanya akajifuta machozi kwa leso.

"Haya. Nilisukuma nani?"